Kabichi la Rutshuru

Uliza mtu yeyote kwenye kile kichochoro cha Majengo, hapa Goma, atakuambia bila kusita: usiku ule majambazi walipoingia kwa Munguakonkwa, mwenyewe alikuwa mbali, kule Rutshuru, kununua maharage. Walimwona kwa macho yao akirudi asubuhi, begi begani, kabichi kubwa kwapani. Walimwona akianguka mbele ya mlango wake uliovunjwa, akilia mpaka wanaume wenzake wakamshika mabega. Mama Katungu, muuza makala, mkaa wa kupikia, pale kwenye kona, alimletea maji ya kunywa na kumwambia maneno ambayo mtaa mzima uliyarudia: "Papa Bénita, shukuru Mungu hukukuwako. Ungelikuwako, leo tungelikuwa ku kilio."

Mke wake, Donatille, alivunjwa mkono kwa kitako cha bunduki. Mkono ulifungwa hospitalini, akawa anautundika shingoni kwa kipande cha kitenge. Lakini mkono huunga. Kilichowashinda ni Bénita, binti yao wa miaka minane, ambaye tangu asubuhi ile hakutoa neno tena. Haombi chumvi, haiti mama, haulizi kitu. Ukimtuma, anakwenda. Ukimwambia kaa, anakaa. Mtoto mtiifu hivyo, na mdomo umefungwa kama duka la siku ya Jumapili.

Wamefanya nini na hawakufanya nini? Kikundi cha sala kilimwekea mikono na kumwamuru pepo ataje jina lake; pepo naye akawa bubu. Daktari alichungulia koo akasema koo ni zima. Nyanya yake kule Masisi alituma majani machungu, Bénita akayanywa yote bila kukunja uso. Sasa mwalimu wa darasa alikuwa amemwita Munguakonkwa na kumwambia, kwa upole unaoumiza kuliko kofi, kwamba mtoto asiyejibu swali hawezi kupewa alama. Kama atafika mwisho wa trimestre, muhula huu wa shule, bila kusema, afadhali wamtafutie shule ya mabubu. Watoto wa kichochoro hawakungoja trimestre iishe. Walishaacha kumwita Bénita. Walimwita Bubu, na yeye aliitika kwa kugeuka.

Landry, mdogo wake Donatille, ndiye aliyeleta habari ya Mama Julienne. Landry ni mtu wa pikipiki, anabeba abiria kutwa, na habari za Goma nzima hupitia mgongoni mwake.

"Shemeki," alimwambia Munguakonkwa, "kuko mama moja psikologi, munganga wa mawazo, anatumikia mu ile sale ya mikutano nyuma ya parokia. Anafanya kitu banaita psikodrame."

"Ni dawa?"

"Ni kama teatre. Lakini si ya kuchekesha batu. Unacheza ile ilikufikia, benzako banakusaidia kucheza, moyo inafunguka. Kulikuwa mama moja wa kambi ya Mugunga, tangu balitoka kwabo hakukuwa analala. Balicheza ile safari yake. Leo analala mpaka bwana yake ndiye anamwamusha."

Donatille alicheka kidogo. Munguakonkwa hakucheka. Alisema ataona. Kisha akafikiri vizuri, moyo ukatulia. Teatre? Teatre si aliijua! Kila Ijumaa Kuu, kwenye mchezo wa mateso pale parokiani, Pilato alikuwa nani kama si yeye? Alijua kwamba katika teatre maneno hupangwa kabla, kila mtu anajua wakati wa kuingia na wa kutoka, na asiyetakiwa kuonekana haonekani.

Basi, akasema, tutajitayarisha.

Jumapili baada ya misa alisukuma viti ukutani. Akamlaza Donatille kwenye mkeka. Akamsimamisha Bénita kando ya kabati, akamwonyesha kwa kidole asitoke pale. Mwenyewe akatoka nje na begi, akakohoa, akaingia tena kwa hatua za Pilato.

"Hapa weye unasema: 'Papa Bénita, umefika!' Kisha unalia. Mimi naangusha kabichi, napiga magoti. Tunafanya tena."

Donatille hakuinuka kwenye mkeka. Alikuwa akitazama juu.

"Mimi naweza kulia," alisema. "Kulia haiko kazi ngumu. Lakini mutoto utamupa maneno gani?"

"Hana maneno. Atasimama tu pale."

"Sasa tunamupeleka kufanya nini?"

Munguakonkwa akaanza kupanga begi upya begani, ingawa lilikuwa limekaa vizuri.

Ukweli ni huu, na nyumba ile iliujua vizuri. Munguakonkwa hakuwa Rutshuru. Alikuwa darini, kwenye plafon. Mlango ulipopigwa shoka la kwanza, Donatille mwenyewe ndiye aliyemsukuma: "Panda! Panda!" Akapanda juu ya meza, akasukuma ule ubao uliolegea, akajipenyeza kati ya mbao na mabati. Hilo wala si la kumtia mtu aibu. Wanaume wangapi wa Goma wanaujua ubao wao? Mwanaume akikutwa nyumbani usiku kama ule, anauawa au anachukuliwa, na mke anabaki mjane kwa sababu ya ushujaa wa dakika moja. Majambazi walimwuliza Donatille bwana yake yuko wapi, wakampiga. Wakamgeukia mtoto: "Papa yako iko wapi?" Naye Bénita, ambaye hakufundishwa na mtu, akajibu: "Iko Rutshuru." Mtoto ndiye aliyemwokoa baba yake.

Aibu ilianza baadaye. Majambazi waliondoka na simu, na redio, na gunia la maharage, hatua zao zikapotea kwenye mawe ya barabarani, na Munguakonkwa akabaki juu. Alimsikia mke wake akiugua chini. Alimwona binti yake, kupitia ufa wa mbao, amesimama karibu na meza. Hakushuka. Alijiambia labda bado wako uani. Alijiambia angoje kidogo. Alingoja mpaka kengele ya misa ya asubuhi.

Aliposhuka, vumbi mpaka kwenye kope, Donatille hakumtukana. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Alisema tu: "Pitia nyuma. Enda, urudi na kitu mukononi, kama mutu anatoka Rutshuru." Alimpa Rutshuru jinsi unavyomtupia nguo mtu uliyemkuta uchi, huku ukigeuza uso. Munguakonkwa akaichukua. Alichukua begi, akapita nyuma ya choo, akazunguka mpaka soko la Virunga, akanunua kabichi. Kabla hajatoka, wote wawili walimwinamia Bénita wakamwambia: "Usiseme kitu. Ukisema, batu batacheka papa."

Na mtoto, ole wao, alikuwa mtoto wa kusikia.

"Unataka Landry ajue?" Munguakonkwa alisema sasa, sauti ya chini, begi bado begani. "Unataka baba yako kule Masisi asikie? Nilimupelekea ng'ombe zake mbele ya batu. Atasema alimupa binti yake ku mwanaume wa namna gani?"

"Mimi sijakuambia kitu hata siku moja, Papa Bénita."

"Ndiyo ile inaniua."

Donatille aliinuka kwa mkono mmoja, akakunja mkeka kwa mkono uleule mmoja. Bénita alibaki amesimama kando ya kabati, pale alipowekwa, kwa sababu hakuna aliyemwambia atoke.

Sale ya nyuma ya parokia ilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara, na meza moja ya mbao pembeni. Watu walikuwa wachache: wamama wawili waliotoka kambi ya Mugunga, muzee mmoja mwenye fimbo, kijana mwenye kovu shavuni, na Landry, ambaye alikuwa ameacha abiria wake kwa kumpenda mpwa wake. Mama Julienne alikuwa mwanamke mfupi, miwani kwenye nywele, ndara miguuni. Alisema ile inachezwa humu inabaki humu, hakuna wa kumcheka mwenzake, hakuna wa kulazimishwa. Aliuliza nani ana uzito moyoni siku ya leo.

Munguakonkwa alisimama. Alikuwa amevaa suruali ya Jumapili, na kabichi, la kununua asubuhi ileile, lilikuwa kwenye mfuko chini ya kiti chake.

"Mama psikologi, siye tulishajitayarisha."

"Mulijitayarisha nini, papa?"

"Muchezo. Kila mutu anajua mahali yake."

Kijana mwenye kovu alijikaza asicheke. Mama Julienne hakumkemea wala kucheka.

"Papa, mu teatre ya parokia munajua mwisho mbele ya kuanza. Hapa hatuijue. Kila mutu anacheza ile iko ndani yake, hata kama ni mbaya, hata kama haijapangwa. Ndiyo dawa iko mule." Alimgeukia mtoto. "Bénita, tunatafuta mutu wa kutujengea nyumba yenu. Mutu anaweza kuwa mulango, anaweza kuwa kitanda. Weye unamuonyesha tu. Na bale bajambazi hatubaweke, unasikia? Balishatoka. Tunaanza saa ile balishaenda."

Munguakonkwa akaona hilo linamfaa sana. Majambazi wakishaenda, si ndiyo saa yake ya kuingia? Akachukua kabichi, akatoka nje kwa vidole vya miguu, akajibanza ukutani kungoja zamu yake. Huko nje ndiko kulikuwa Rutshuru.

Bénita alisimama katikati ya duara. Kisha akamshika muzee fimbo yake, akamvuta taratibu, akamsimamisha mlangoni: mlango. Wamama wa Mugunga akawaweka wakae bega kwa bega: kitanda. Akamlaza mama yake sakafuni na kumrekebisha ule mkono mbovu, ukae vile ulivyokaa usiku ule. Donatille alifumba macho. Mtoto akaisukuma meza mwenyewe kutoka pembeni, miguu ikikwaruza saruji, Landry akataka kumsaidia, Mama Julienne akamzuia kwa mkono. Meza ilipofika alipotaka, Bénita akatoka nje.

Alimkuta baba yake ukutani. Alilitoa kabichi kwapani mwake, akaliweka chini kwenye mawe. Akamshika mkono. Munguakonkwa akadhani mtoto amemletea zamu yake mapema, akamfuata, wakampita muzee, wakaingia. Lakini Bénita hakumpeleka kwa mama yake. Alimpeleka mpaka kwenye meza, akaipiga meza kwa kiganja.

"Hapana, Bénita," Munguakonkwa alisema. Alijaribu kutabasamu. "Papa alikuwa Rutshuru."

Akaipiga tena, kwa nguvu.

"Shemeki," Landry akauliza, "anataka nini?"

"Sijue. Mutoto alishavurugika kichwa tangu siku ile. Haiko anajua ile anafanya."

Alisema hivyo mbele ya mtoto mwenyewe. Bénita akamwachia mkono. Hakulia, aliuachia tu, kama mtu anayerudisha kitu alichookota baada ya kujua si chake. Munguakonkwa alihisi ule mkono mdogo ukitoka katika wake, na uso wote ukamwaka moto.

"Si lazima, papa," alisema Mama Julienne. "Kama hauko tayari, tunaweka kiti mahali yako."

Akachukua kiti kitupu cha plastiki, akakipandisha juu ya meza.

Munguakonkwa akatoka. Alijiambia anakwenda nyumbani. Alijiambia mambo haya ni ya Wazungu, ya watu wasio na kazi. Lakini dirisha la sale lilikuwa wazi, na miguu ilikataa kulipita. Akachungulia ndani. Mama Julienne alikuwa amechuchumaa mbali kidogo na mtoto. Na Bénita alikuwa amesimama karibu na meza, kichwa kimeinuliwa, anakitazama kile kiti. Uso ulikuwa uleule aliouona kupitia ufa wa mbao. Midomo ilikuwa ikitikisika. Ilifunguka, ikafunga, ikafunguka tena, bila sauti, na ndipo Munguakonkwa alipotambua kwamba hata usiku ule ilikuwa ikifanya hivyo. Mtoto alikuwa akimwita. Lakini atamwitaje kwa sauti, yeye aliyewaambia watu wenye bunduki kwamba papa yuko Rutshuru? Wakisikia? Wakirudi? Akamwita kimya mpaka asubuhi, na asubuhi wakamwambia aendelee kunyamaza.

"Mungu wangu," alisema Munguakonkwa, peke yake, nje pale.

Alirudi mlangoni. "Hodi," akamwambia muzee, kwa kukosa la kusema. Muzee hakujua kama milango hujibu, akasogea tu. Munguakonkwa akakishusha kile kiti. Akavua viatu ili asichafue meza, na soksi yake ilikuwa na tundu, kidole gumba kimetoka chote, watu wote wakakiona. Akapanda. Akajikunja, magoti kifuani, mikono juu ya kichwa. Mwanaume mzima, Pilato wa parokia, amejikunja juu ya meza mbele ya shemeji yake.

Mama Julienne alikuja akasimama nyuma yake. "Nitasema ile nafikiri iko ndani yako, papa. Kama si vile, unikatalie." Kisha akasema kwa niaba yake: "Niko naogopa."

Munguakonkwa akatikisa kichwa kukubali.

"Nasikia bibi yangu analia. Nataka kushuka, na siwezi."

"Hapana," Munguakonkwa alisema. Sauti ilikuwa nyembamba. "Pale si vile. Nilikuwa naweza. Nilisikia balienda, nikasikia mpaka viatu vyabo barabarani. Nilikuwa naweza kushuka. Sikushuka."

Landry alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. Akamtazama dada yake pale chini, akakiinua kiti, akakaa. Donatille alikuwa akilia, si kile kilio cha mazoezi ya Jumapili; hiki kilimtoa kamasi akajipangusa kwa ule mkono mzima.

Munguakonkwa juu ya meza hakujua afanye nini. Hakuna aliyempangia maneno wala wakati wa kushuka. Ndipo ikasikika sauti ndogo, kavu, ya mtu anayejaribu koo lake.

"Papa. Shuka. Balishaenda."

Muzee wa mlangoni alifanya ishara ya msalaba. Munguakonkwa alishuka, akakaa sakafuni kati ya mke wake na binti yake, na Bénita akasema tena, kana kwamba baba yake hakusikia vizuri, "Balishaenda, papa. Zamani."

Njiani Bénita hakunyamaza. Maneno yote ya wiki zile yalikuwa yanamtoka kwa mpigo: kwamba ile dawa ya nyanya ilikuwa chungu sana, kwamba mwalimu alikosea kumwandikia sifuri maana jibu alilijua, kwamba yeye si bubu na atampiga mtoto wa kwanza atakayemwita hivyo. Donatille alicheka na kulia. Munguakonkwa alitembea nyuma yao hatua chache.

Landry alisukuma pikipiki yake mpaka barabara kubwa. Pale akamwambia dada yake, "Nitapita kuona mutoto." Akambusu Bénita kwenye paji la uso. Kwa Munguakonkwa hakusema shemeki, hakusema kwaheri, alipiga moto pikipiki, akaenda. Munguakonkwa alikuwa ameshanyosha mkono wa kuaga. Akautumia kujikuna shingo.

Kwenye kona, Mama Katungu alikuwa anapimia watu makala, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Kulikuwa na mama mwenye beseni, na vijana wa pikipiki wanaongoja abiria.

"Mama Katungu, jambo!" Bénita akaita.

Kopo lilimponyoka Mama Katungu. "Yesu Maria! Bénita? Ni weye unasema?" Akapiga makofi, vumbi la makala likaruka. "Mungu iko mukubwa! Kuja hapa, mutoto yangu, sema tena! Sema kitu!"

"Papa hakukuwa Rutshuru," Bénita akasema. "Alikuwa ku plafon. Alikuwa juu, siye tulikuwa chini, na mama..."

"Nyamaza weye!" Donatille alidakia. Hakufikiri, lilimtoka lenyewe, maana hata yeye alikuwa amelizoea.

Na mdomo wa Bénita ukafunga. Ulifunga katikati ya neno, hivyohivyo, kama zamani. Vijana wa pikipiki walikuwa wamegeuka. Mama Katungu alimtazama mtoto, akamtazama mama, kisha akamtazama Munguakonkwa na nusu ya kicheko, akingoja aambiwe kwamba ni maneno ya kitoto.

Ilikuwa rahisi. Angesema tu "Batoto ba siku hizi!" na kona yote ingecheka pamoja naye, na jioni ile angekula chakula chake akiwa bado ni mwanaume aliyekuwa Rutshuru. Munguakonkwa aliitazama ile midomo midogo iliyofungwa.

"Ni kweli," alisema.

"Unasema nini, Papa Bénita?" Mama Katungu hakusikia, au alijifanya.

Ikabidi arudie, kwa sauti kubwa zaidi. "Nasema ni kweli. Nilikuwa ku plafon. Bibi yangu alivunjwa mukono niko juu. Bajambazi baliondoka, nikabakia juu mpaka asubuhi. Rutshuru sikuenda."

Kijana mmoja wa pikipiki alisema "Eee!" akacheka, mwenzake akamkanyaga mguu, akacheka zaidi. Mama mwenye beseni alitazama kando. Mama Katungu aliinama kuokota kopo lake, akakawia kulipangusa, na safari hii hakumwambia Munguakonkwa ashukuru Mungu. Donatille alisogea akasimama karibu na mume wake, bega kwa bega, lakini hakumshika.

Munguakonkwa alichuchumaa mbele ya binti yake.

"Endelea, mama," akamwambia. "Ulikuwa unasema nini?"

Bénita alimtazama mama yake. Kisha akamtazama yeye, kwa muda, kuhakikisha. Akajipangusa mdomo kwa kiganja, akaanza tena tangu mwanzo, tangu mlango ulipopigwa, kwa sauti ya kusikika mpaka upande wa pili wa barabara, na baba yake akasimama pale kando ya makala, macho chini, akamsikiliza mpaka mwisho.